Waulizeni kuhusu mwaka wa kwanza

Ndugu yangu, umeandika kwamba kikundi chenu cha vijana hapa Moshi kinataka kuwaalika wafanyabiashara na viongozi wa mtaa waeleze walivyofanikiwa, lakini mnahofia kuambulia hotuba za kujisifu. Hofu hiyo ina msingi. Mgeni akiachiwa kipaza sauti ataanza na ghorofa alilojenga. Kwa hiyo mpelekeeni maswali mapema, yote yahusu mwaka wa kwanza: mtaji ulitoka wapi, nani alimkopesha, na hasara gani ilikaribia kumfungisha duka. Mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Memorial aliwahi kunionyesha daftari lake la zamani, ambamo marejesho ya mkopo wa kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, yaliandikwa kwa kalamu nyekundu na mauzo ya siku tatu mfululizo yalikuwa sifuri. Ukurasa ule ulinifundisha kuliko semina nzima, hata yenye posho. Mwalikeni pia mzee wa ushirika wa kahawa, kwa kuwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanzishwa mwaka 1933, ni mafanikio ya wakulima wengi, si ya mtu mmoja. Wageni wawili kwa kikao wanatosha, na nusu ya muda iachwe kwa maswali ya vijana.