Medali ya Edward VIII si utajiri, lakini usiitupe

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau waliotangulia. Umekuta kwenye sanduku la marehemu babu yako medali yenye kichwa cha Edward VIII, nyuma imeandikwa 12 Mei 1937, na fundi saa mmoja kakuambia usiiachie kwa bei ndogo kwa kuwa mfalme huyo hakuwahi kuvikwa taji, kwa hiyo lazima iwe adimu. Unauliza kama ni kweli, kama mtu aliyeko Dar anaweza kuanza kukusanya vitu hivi, na kama uisugue kwanza kwa Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Birmingham, na medali za kumbukumbu za Waingereza ndizo zinazokula akiba yangu kwa miaka mingi sasa. Nitajibu kwa kirefu, jiwekee chai.

Nianze na habari mbaya: si adimu. George V alifariki Januari 1936, mwanawe Edward akashika kiti, na siku ya kumvika taji ikatangazwa kuwa 12 Mei 1937. Wenye viwanda hawakukaa kusubiri. Vikombe, sahani, beji na medali vilianza kutoka mapema, maana biashara ya kutawazwa mfalme ni ya msimu, ikikupita imekupita. Desemba 1936 Edward akaachia kiti ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani mtalaka. Wakati huo mzigo ulishajaa maghalani, na hakuna mwenye akili ya biashara aliyeuyeyusha. Uliuzwa, na watu waliununua kwa sababu ileile aliyokupa fundi saa wako: kila mmoja aliamini anaweka kitu kitakachokuja kuwa adimu. Matokeo yake vimetunzwa vingi mno. Mdogo wake, George VI, akavikwa taji siku ileile iliyokwisha kupangwa, kwa hiyo viwanda vilibadilisha kichwa tu, tarehe ikabaki.

Za shaba au bati huku ni pauni chache tu. Ikiwa ni ya fedha, hesabu inaanza na uzito wa fedha yenyewe. Nadhani fundi wako amechanganya medali na sarafu. Sarafu za majaribio za Edward VIII za mwaka 1937, ambazo hazikuingia sokoni, kweli ni adimu na zinagombewa na matajiri. Medali ni jambo jingine: yeyote mwenye mashine na muhuri wa chuma aliruhusiwa kupiga yake na kuiuza mtaani. Ile rasmi ya kutawazwa ilikuwa ikitolewa na Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Uingereza, na kwa Edward haikutoka, maana shughuli yenyewe haikufanyika.

Sasa habari nzuri, na ndiyo iliyonifanya nishike simu niandike. Medali ya kumbukumbu haingojei tukio. Mtengenezaji anaichonga tukio linapotangazwa, kwa sababu anataka kuiuza asubuhi ya siku yenyewe watu wakiwa wamejaa barabarani. Kwa hiyo mara nyingi inakuonyesha kilichotarajiwa, wala si kilichotokea. Wengi hukusanya kwa mfalme, au kwa madini, au kwa mchongaji. Mimi nakusanya hizi zilizotangulia ukweli. Sioni kumbukumbu nyingine inayokamatwa ikidanganya kirahisi namna hii.

Chukua mwaka 1902. Edward VII alikuwa avikwe taji 26 Juni. Siku mbili kabla, madaktari wakampasua kwa ugonjwa wa kidole tumbo, na shughuli ikasogezwa hadi 9 Agosti. Medali za viwanda binafsi zenye tarehe ya Juni zimejaa kwenye minada ya mitumba huku, ilhali ile rasmi ya Royal Mint, iliyochongwa na de Saulles, ina tarehe ya Agosti. Ziweke mbili hizo pamoja mezani na una historia nzima ya kiangazi kile, kwa gharama ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu.

Lakini bingwa wao wote ni Admiral Vernon, kamanda wa jeshi la majini la Uingereza. Hapa niruhusu nikae kidogo.

Novemba 1739 Waingereza na Wahispania walikuwa vitani, na Edward Vernon akaiteka Porto Bello, bandari ya Wahispania iliyoko Panama ya leo. Habari zilipofika Uingereza watu walirukwa na akili. Mafundi wakaanza kumwaga medali, si kwa ajili ya mabwana bali kwa wauza samaki, makarani na mabaharia: shaba iliyochanganywa na zinki mpaka ikang'aa kama dhahabu, nyepesi, ya kuchongwa kwa haraka. Aina zake zinahesabiwa kwa mamia. Upande mmoja Vernon amesimama na fimbo yake ya uongozi, upande wa pili ni bandari na meli, na maneno ya kujigamba kwamba ameiteka Porto Bello kwa meli sita tu. Ukiishika karibu na lenzi unaona mikono tofauti ya mafundi: huyu meli zake zimepangwa kama shanga, yule kaishiwa nafasi akabana herufi ukingoni, mwingine hata tahajia haikumhusu. Wataalamu wa sanaa huzidharau. Mimi nazipenda kuliko za dhahabu, kwa sababu hizi zilikaa mifukoni mwa watu na zimechakaa kwa kushikwa.

Mwaka 1741 Vernon akaenda na jeshi kubwa kuishambulia Cartagena, Kolombia ya leo. Walipoiteka ngome ya Bocachica kwenye mlango wa bandari, akaandika nyumbani kwa furaha. Barua ikafika, kengele zikapigwa, mafundi wakarudi kwenye mashine. Zipo medali zinazomwonyesha kamanda wa Kihispania, Blas de Lezo, aliyeandikwa "Don Blass", amepiga magoti mbele ya Vernon akikabidhi upanga wake, na maneno yanayosema kiburi cha Hispania kimeshushwa. Hakupiga magoti mbele ya mtu. Mji haukutekwa. Homa na ngome za Wahispania ziliwamaliza Waingereza wakaondoka mikono mitupu. Tena Lezo alikuwa mtu wa mguu mmoja na jicho moja, vingine alivipoteza katika vita vya zamani, lakini kwenye medali kapewa miguu yote miwili ili apige magoti vizuri. (Shamba la Mount Vernon kule Marekani limepewa jina la Vernon huyohuyo, kwa sababu Lawrence Washington, kaka wa kambo wa rais George Washington, alikuwa chini yake Cartagena.) Ya Cartagena iliyosagika bado inapatikana bila kuuza kiwanja, ila iliyo safi ni shughuli nyingine.

Kuna nyingine inayotuhusu sisi watu wa pwani kuliko hizo. Kipande cha shaba nyekundu kilichopigwa Uingereza kwa ajili ya Sierra Leone, chenye mwaka 1807: Mzungu na Mwafrika wanashikana mikono, maneno ya juu yanasema sote ni ndugu, na chini kwamba Uingereza imekomesha biashara ya watumwa. Kigeuze. Upande wa pili wote ni Kiarabu, kinachotangaza kukatazwa kwa biashara hiyo katika zama za Sultani George III. Aliyesoma chuo cha Kurani kama mimi anakaa akiyafuata maandishi yale polepole, kwa sababu inaonekana mchongaji hakujua anachokichonga. Sheria ya 1807 iligusa biashara tu. Watumwa wenyewe katika makoloni ya Uingereza walingoja 1 Agosti 1834, na kwa siku hiyo pia zilipigwa medali za bati za kushangilia, wakati wengi wao walibaki wakifanya kazi kwa mabwana walewale chini ya kile kilichoitwa uanagenzi hadi 1838. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Hesabu mwenyewe miaka kati ya tangazo na jambo lenyewe.

Zipo pia zilizopewa watu wetu kwa mkono. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, watu wake, wakiwemo Susi na Chuma, waliubeba mwili hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha London, ikapiga medali 60 za fedha kwa ajili yao, zenye maneno ya kuwasifu kwa uaminifu hadi mwisho, na majina yakachongwa ukingoni. Baadaye ikatoa nyota za fedha kwa wapagazi wa Zanzibar waliosalimika katika safari ya mpelelezi Stanley ya kumfuata Emin Pasha, gavana wa Misri kusini mwa Sudan, 1887 hadi 1889. Nazitaja ili mtu akikuletea moja Kariakoo kwa bei ya kirafiki ujue la kufanya: kataa kwa adabu, na ukiwa na shaka peleka picha makumbusho.

Kuhusu kuanza ukiwa Dar, inawezekana, ila anza na kitu ambacho huwezi kutapeliwa. Chaguo langu ni medali rasmi ya Royal Mint ya mwaka 1897, miaka 60 ya Malkia Victoria. Ina vichwa viwili, upande mmoja bibi kizee mwenye shela, upande wa pili msichana wa 1837. Ndogo yake ya fedha ina upana wa takriban milimita 26, ilitoka kwa wingi, na wauzaji wote wanaijua kwa hiyo hakuna wa kukudanganya. Baada ya hapo za fedha ndogo za 1935 na 1937, zote zilizochongwa na Percy Metcalfe. Ukiona tangazo la mnada lina neno Eimer au BHM na namba, hizo ni namba za katalogi; BHM inahusu medali za 1760 hadi 1960. Muuzaji aliyeweka namba hizo amefanya kazi yake. Aliyeandika tu "adimu sana" mara tatu hajafanya.

Omba picha ya ukingo kila mara. Watu wanapenda kupiga picha sura ya medali, na ukingo ndio unaosema. Medali ya kusubu, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa kwa muhuri, huwa na mstari au chembechembe, na herufi zake zimelainika kama sabuni iliyotumika. Karne ya 19 makumbusho ya London yaliuza nakala zilizotengenezwa kwa umeme: maganda mawili membamba yaliyounganishwa, katikati madini ya risasi. Nyingi ni za fundi Robert Ready, na nyingine amezigonga herufi RR ukingoni. Yeye hakumdanganya mtu. Wanaodanganya ni waliokuja kuzifuta. Na ukinunua kwenye nyumba ya mnada kumbuka bei ya nyundo, ile ya mwisho inayotajwa mnadani, siyo utakayolipa: kuna kamisheni ya mnunuzi ambayo inaweza kufika robo ya bei au kuzidi, kodi juu yake, posta yenye bima, kisha forodha ya kwetu. Kwa kitu cha pauni ishirini gharama hizo zinakipita kitu chenyewe, kwa hiyo subiri ukusanye vichache viletwe pamoja, au mpe ndugu anayerudi likizo.

Moja ya madini kabla sijakuacha. Medali nyingi za bei nafuu za karne ya 19 ni za bati. Zile zilizouzwa ndani ya handaki la Marc Brunel chini ya mto Thames, London, lilipofunguliwa 1843, kwa mfano, zilitoka zimeng'aa kama kioo. Ni laini, ukiangusha inabonyea ukingo, na unyevu wa chumvi wa pwani unaitoa madoa meusi ambayo hayarudi nyuma. Shaba nazo mara nyingi zilipakwa rangi ya kahawia kiwandani kwa makusudi. Hiyo kahawia ndiyo anayoilipia mnunuzi, na Brasso inaiondoa kwa dakika moja. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni hapana. Pamba kavu laini, basi. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye bahasha ya karatasi pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na usiiweke kabisa kwenye ile mifuko laini ya plastiki ya kuhifadhia sarafu, inatoa ute wa kijani unaokula shaba.

Piga picha pande zote na ukingo, mchana, bila flashi, uziweke hapa. Angalia chini ya shingo ya mfalme kama kuna herufi ndogo za jina la kiwanda. Zikiwepo nitakwambia ilitokea wapi, na uwezekano mkubwa ni hapahapa Birmingham.