Kwa Hofu na Furaha Nyingi: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Pasaka

Barua zilizoletwa wakati huu wa Kwaresima ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtu wa kawaida ataitamkaje habari ya kufufuka kwa Bwana kwa kinywa chake mwenyewe, asimwachie mchungaji peke yake. Nimechagua tano na kuzifupisha.

Mchungaji, Bwana asifiwe. Mwaka jana niliombwa kutoa ushuhuda katika ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, nikasingizia mafua. Mwaka huu nimeombwa tena. Nifanyeje ili hofu initoke kwanza, ndipo nikubali? (Mwanakwaya, Tukuyu)

Asifiwe, dada yangu. Shida ya swali lako imo katika hilo neno "kwanza". Mathayo 28:8 inasema kwamba wale wanawake waliondoka kaburini "kwa hofu na furaha nyingi", wakaenda mbio. Malaika alikuwa amekwisha kuwaambia wasiogope, na Bwana alipokutana nao njiani akawaambia neno hilohilo tena, maana hofu ilikuwa bado imo. Hata hivyo aliwatuma vivyo hivyo walivyokuwa. Mimi nilipoongoza ibada hiyo kwa mara ya kwanza, karatasi ilinitetemeka mkononi hata mzee aliyenishikia karabai akadhani ni baridi, nami nikamwacha adhani hivyo.

Tena ibada unayoiogopa haikuanzishwa na wahubiri mashuhuri. Alfajiri ya Pasaka ya mwaka 1732, huko Herrnhut, Ujerumani, kundi la vijana wa kiume wasiooa wa Kanisa la Moravian lilikwenda makaburini kabla ya jua kuchomoza, likaimba. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, waliondoka hapo kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi ili kuwahubiria watumwa, na wamisionari wa Kanisa hilohilo walifika Rungwe mwaka 1891. Basi usiandae hotuba. Andika sentensi tatu: lililokupata, jinsi Bwana alivyokushika, na ulivyo leo. Zisome kwa sauti jikoni mpaka ulimi uzizoee. Mariamu Magdalene alianza kwa maneno mawili tu: "Nimemwona Bwana."

Mume wangu tulimzika Novemba. Nikiwaza tarumbeta za Pasaka na zile shangwe, naona kama ninalazimishwa kucheka. Je, nibaki nyumbani? (Mama, Kyela)

Mama yangu, pole sana. Ningekuomba uje, ila usije na kicheko cha kuazima. Mariamu alikwenda kaburini akalia, na alipomwona Yesu akamdhania kuwa mtunza bustani. Hakukemewa kwa machozi yake. Aliitwa kwa jina lake, akageuka.

Ndiyo maana naipenda desturi ya kukutana makaburini. Tunasimama giza likiwa halijaisha, umande umelowesha kanga mpaka magotini, katikati ya misalaba yenye majina ya watu tuliokula nao, mingine rangi yake ikiwa bado mpya na udongo wake haujatulia. Kiongozi anaposema "Bwana amefufuka", nasi tukajibu "Amefufuka kweli kweli", tunayasema hayo mauti yakiwa miguuni petu, wala hakuna anayejifanya hayaoni. Sauti yako ikikatika, nyamaza. Jirani yako atajibu kwa niaba yako, nawe siku nyingine utajibu kwa niaba yake. Mwombe mtu mmoja unayemwamini asimame nawe karibu na kaburi la mumeo, na tarumbeta zikikuelemea, shikeni njia mrudi taratibu.

Nimepanga nyumba moja na familia ya Kiislamu. Nikinyamaza siku ya Pasaka najiona nimemwonea Bwana haya. Nikisema, naogopa kuharibu ujirani. (Mpangaji, Mbeya)

Ndugu yangu, Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, "kwa upole na kwa hofu" (1 Petro 3:15), na hofu hiyo ni heshima. Wapelekee sahani ya pilau kama wao wanavyokuletea siku ya Idi, useme wazi unasherehekea nini, lakini sahani isiwe chambo. Wao wanamheshimu Isa mwana wa Mariamu kuwa nabii, ila hawakubali kwamba alisulubiwa. Hapo mtatofautiana, nanyi mnaweza kutofautiana mkiwa mmekaa mkeka mmoja. Wakiuliza, eleza unachokiamini. Usiwafundishe kitabu chao, hasa kama hujakisoma.

Je, kutuma picha za Pasaka katika makundi ya WhatsApp ni kuhubiri? (Kijana, Chunya)

Si vibaya, kijana wangu, ingawa picha ile ya kaburi wazi na maua meupe nimekwisha kuipokea mara nyingi kuliko salamu za wanangu. Lakini ukitaka kuhubiri, mpigie simu mtu mmoja aliyeacha kuja kanisani, umuulize hali yake, umsikilize mpaka amalize.

Kwa nini Marko anasema wanawake "hawakumwambia mtu neno; maana waliogopa"? Injili nyingine si zinaeleza kwamba walisema? (Mzee wa kanisa, Rungwe)

Mzee wangu, nakala mbili kongwe za Injili hiyo, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia hapohapo, Marko 16:8, na aya zinazofuata hazimo. Luka naye anasimulia kwamba waliposema, mitume waliona maneno yao ni upuzi, kwa hiyo hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini ukimya huo haukudumu, la sivyo Marko mwenyewe asingekuwa na la kuandika. Hatuambii nani kati ya Mariamu Magdalene, Mariamu mama wa Yakobo na Salome aliyeanza kusema, wala alimwambia nani. Mkisoma somo hilo mwaka huu, msomaji aishie aya ya 8, afunge kitabu, na usharika ukae kimya kidogo kabla kwaya haijasimama.