Mwanafunzi mwenye pumu anakwenda Phagwara, Punjab: miezi ya kujihadhari

Dada, umeuliza kama mwanao mwenye pumu ataweza kuishi Phagwara, maana chuo kimeshapatikana na kila mwaka unaona picha za moshi wa Delhi. Nimesoma Phagwara hadi nikamaliza shahada, na pumu ninayo tangu utotoni, kwa hiyo nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Kwanza, usiipime Phagwara kwa picha za Delhi. Ni mji mdogo wa jimbo la Punjab, kaskazini mwa India, kati ya miji ya Jalandhar na Ludhiana, ukitoka nje kidogo tu umeshaingia kwenye mpunga, ngano na miwa. Hewa yake inafuata kalenda ya shamba. Akifika Agosti atakuta mvua za monsuni zimeosha anga, na atakupigia simu kukwambia watu walikutisha bure. Usimsikilize, msimu wenyewe wa moshi bado.

Unaanza Oktoba. Mpunga unavunwa kwa kombaini, ambayo inachukua masuke na kuacha mabua yamesimama na majani yametapakaa shamba zima. Ngano nayo inatakiwa iwe imeshapandwa kufikia katikati ya Novemba. Mkulima anabaki na wiki mbili tatu za kusafisha shamba, na kiberiti ndiyo njia ya haraka na rahisi kuliko zote. Mzee aliyetupangisha chumba alikuwa na shamba, akanieleza hayo kwa uchungu. Mabua ya ngano wanayakatakata, ng'ombe wanakula miezi na miezi. Ya mpunga wa kawaida yana silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga, ng'ombe hawayataki. Mashine za kupanda ngano bila kuchoma zipo, kama ile Happy Seeder, lakini inataka trekta lenye nguvu, na wiki hiyo kila mtu anaitafuta. Juu ya hapo kuna sheria ya jimbo ya 2009 inayozuia kupandikiza mpunga mapema, kwa sababu maji ya chini ya ardhi yanazidi kushuka. Ni sheria yenye maana, ila mavuno yamesogea mbele na muda umezidi kubana. Ndiyo maana huwa naumia nikisoma watu wanawaita wakulima wale wauaji. Watoto wao ndio wa kwanza kuuvuta moshi huo.

Wiki mbaya kuliko zote ni mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, na Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, na fataki zake mara nyingi huangukia humo humo. Moto mwingi niliuona ukiwashwa alasiri. Jua likizama ardhi inapoa, hewa ya baridi inatulia chini, upepo hakuna, moshi unabaki hapo hapo mlipo. Nguo tulizoanika juu ya paa tulizikuta na masizi membamba kama nyuzi. Ukigusa yanasagika na kuacha mstari mweusi. Koo linakereketa hata kwa asiye na pumu.

Kwa kipimo cha India cha ubora wa hewa, AQI, 0 hadi 50 ni hewa safi, ukivuka 200 ni mbaya, ukivuka 400 hata mzima anaathirika. Kuna programu ya simu ya serikali inaitwa Sameer. Aangalie vituo vya Jalandhar na Ludhiana. Ila kituo hakijui kama shamba la nyuma ya hosteli linaungua, kwa hiyo kifua chake akipe uzito kuliko namba.

Desemba na Januari ni ukungu mzito na baridi kali, na watu wanawasha moto barabarani kuota. Mimi baridi hiyo ilinibana karibu sawa na moshi. Aprili kuna vumbi la ngano na moto kidogo, Mei na Juni dhoruba za vumbi. Hiyo miezi inavumilika.

Sasa la kufanya. Aonane na daktari kabla ya kuondoka, aulize kuhusu dawa ya kuzuia, ile ya kuvuta kila siku, na aanze mapema kabla ya Oktoba. Inhela ya bluu peke yake inatuliza tu, haizuii. Barakoa iwe N95, ile ya kuchuja vumbi laini, ya kitambaa haichuji chembe zile. Madirisha ayafunge kuanzia alasiri, afungue mchana jua likiwa kali. Mpira wa alfajiri na wa jioni auache hadi msimu upite. Na chumbani kusichomwe udi wala dawa ya mbu ya kuchoma. Wenzake watachoma, awaombe mapema.

Kama pumu yake imetulia, mimi ningemruhusu. Kama mwaka huu amelazwa kwa ajili ya pumu, ningetafuta chuo kusini, Mysuru kwa mfano, ambako hewa ni nafuu zaidi. Niambie amelazwa lini mara ya mwisho na anatumia dawa gani.