Muda umeisha, lakini malipo yameenda

Mkuu, umeuliza inakuwaje umeweka kikomo cha sekunde 10 kwenye ombi la malipo, na bado mteja kakatwa hela mara mbili. Kikomo hicho kinakatisha kusubiri kwako tu. Seva ya upande wa pili haina habari kwamba umechoka. Ombi likishaifikia, inamalizia kazi yake.

Mimi nahudumia mfumo wa tiketi za mabasi hapa Tanga, stendi ya Kange. Asubuhi mabasi ya Dar yakikaribia kutoka, majibu ya malipo huchelewa kweli. Kwa hiyo kila tiketi tunaipa namba ya kumbukumbu kabla ombi halijatumwa. Muda ukiisha hatuandiki "imeshindikana", tunaandika "haijulikani", kisha tunauliza hali ya muamala kwa namba hiyohiyo. Hata kurudia ombi ni kwa namba hiyohiyo, mradi mtoa huduma wako anatambua marudio. Ukitunga namba mpya, kwake hayo ni malipo mapya, na mteja atakuja juu.

Tuje kwenye Python yako. asyncio.timeout() (kikomo cha muda cha asyncio, maktaba ya Python ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu; ipo tangu toleo la 3.11) muda ukiisha hurusha CancelledError (kosa la kughairiwa) ndani ya kazi, pale iliposimama kwenye await (sehemu ya kusubiri), wewe unakuja kupata TimeoutError. Kazi isiyopita kwenye await haisikii kitu. Naona unatumia requests (maktaba ya kutuma maombi ya HTTP isiyotumia await) ndani ya async def: hapo mzunguko mzima wa asyncio unaoendesha kazi zote unaganda, na kikomo chenyewe kinaganda nao. Kuihamishia kwenye asyncio.to_thread (inayoipeleka kazi kwenye thredi, yaani uzi wa pembeni) kunaondoa kuganda, ila thredi haikatishwi, itaendelea tu. Tumia httpx (AsyncClient yake) au aiohttp, zinazotuma ombi kwa await.

Halafu hiyo "except:" tupu kwenye msimbo wako, inayodaka kila kosa, iondoe leo. Tangu 3.8 CancelledError haimo chini ya Exception (kundi la makosa ya kawaida), lakini except tupu inaimeza hata hivyo, na kazi uliyoighairi inaendelea kana kwamba hukusema neno. Kufunga miunganisho weka kwenye finally, sehemu inayotekelezwa hata kukitokea kosa.

Aliyekushauri Promise.race kwa upande wa JavaScript: ile inachagua wa kwanza kumaliza tu, fetch (ombi la mtandao) iliyoshindwa mbio bado inakimbia. AbortController ndiyo inayoikata.

Kuandika muamala kwenye kanzidata ndiko pekee ninakokukinga kwa asyncio.shield, inayozuia kazi ya ndani isighairiwe. Ihifadhi hiyo kazi kwenye kigeugeu, maana asyncio haiishikilii kwa nguvu na inaweza kufagiliwa na Python kutoka kwenye kumbukumbu kabla haijaisha.