Wasomaji wanauliza: mrushaji wa besiboli na mipira inayopaa

SWALI: Mhariri, salaam. Nafundisha besiboli vijana wa sekondari. Nina mrushaji wa miaka 14, anatumia mkono wa kulia. Nguvu anazo, ila mipira yake mingi inapaa na kwenda kulia, inamfuata mpigaji begani. Nimemwambia ashushe mkono, mambo yakaharibika zaidi. Nifanyeje?
Mwalimu wa michezo, Chumbageni, Tanga

JIBU: Mwalimu, habari ya mkono iache kwanza. Mpira unaopaa kuelekea upande wa mkono wa kurushia mara nyingi umeachiwa mapema: kifua kimeshamgeukia mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, mkono bado uko nyuma unakifukuzia. Ulipomwambia ashushe mkono, kiwiko kilishuka chini ya bega, vidole vikapita chini ya mpira badala ya nyuma yake. Lazima upae.

Chukua kamba ya katani, kitu ambacho Tanga hakikosekani, uitandike kutoka katikati ya unyayo wake wa nyuma hadi katikati ya bamba la nyumbani, lile anaposimama mpigaji. Arushe mipira kumi, nawe utazame alama ya mguu wa mbele tu. Unyayo utue juu ya kamba au kulia kwake kidogo, vidole vikimwelekea mdakaji lakini vimeingia ndani kidogo. Ukitua kushoto, nyonga zimefunguka kabla ya wakati, na bega limezifuata.

Pima na hatua yenyewe. Kijana wa umri huo anatakiwa kufikia karibu asilimia 80 hadi 85 ya urefu wake. Mwenye sentimita 160 akanyage kwenye sentimita 130 hivi. Hatua fupi huulazimisha mkono ufanye kazi ya miguu. Ila usimvute ovyo kwenye hatua ndefu kama uwanja wenu ni wa mchanga, maana mguu ukiteleza goti halishiki. Chimba pale anapotua, jaza udongo wa kichanga chenye mfinyanzi au kifusi, mwagia maji, ushindilie. Uwanja wa bapa ulio imara ni bora kuliko kichuguu cha kurushia cha mchanga kinachomomonyoka.

Sasa ndiyo uje kwenye mkono. Mguu wa mbele unapogusa chini, mpira uwe umeshapanda, kiwiko kiwe usawa wa mabega, kifua bado kimetazama upande wa kituo cha tatu, yaani kulia kwa anayemkabili mpigaji. Ukiona mpira bado uko kiunoni wakati huo, amechelewa kuutoa kwenye glavu. Mikono iachane pale goti lililoinuliwa linapoanza kushuka. Mfundishe kwa kuhesabu, bila mpira: moja, goti juu, mbili, goti linashuka na mikono inaachana, tatu, mguu chini, aganda hapo hapo. Mzunguke umkague. Akiganda vizuri mara kumi, mpe mpira arushe kutoka mkao huo huo wa kuganda, mita 8 hadi 10, kwa nusu ya nguvu, mipira 15. Umbali kamili wa mita 18.44 hadi kwenye bamba usubiri.

Mkono wa glavu nao uangalie. Akiutupa nyuma, bega la kushoto linafunguka tena na kazi yote inapotea. Glavu ibaki mbele ya kifua, kifua ndicho kiifuate. Mchukue video ya polepole kwa simu ukiwa upande wa kituo cha tatu. Jicho tupu halioni yanayotokea mguu unapogusa chini. Na ule mguu unaoinuliwa hadi kidevuni, ambao vijana wameuiga kwa warushaji wa Marekani, ni mbwembwe tu kwa sasa. Akiinua goti hadi usawa wa kiuno bila kuyumba, inatosha.

SWALI: Nina miaka 13. Lini nianze kurusha mpira wa kupinda?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Ukishaweza kuupeleka mpira wa kasi unapotaka, na baada yake mpira wa polepole. Huo wa polepole unaushika ndani zaidi ya kiganja, mkono unakwenda kwa kasi ile ile. Mpigaji anadanganyika mwenyewe.

SWALI: Mwanangu wa miaka 13 anarusha, kiwiko kinamuuma upande wa ndani. Bibi yake anamchua kwa mafuta ya nazi. Je, aendelee kucheza?
Mama, Pongwe

JIBU: Hapana mama, asirushe hata mpira mmoja. Katika umri huo mfupa wa kiwiko bado una sehemu laini ya kukulia, na kila mrusho mkali huivuta upande huo huo wa ndani. Asichuliwe, wala asimeze dawa ya maumivu ili apate kucheza. Mpeleke hospitali ya Bombo au nyingine apigwe eksirei, na arudi uwanjani kwa ruhusa ya daktari.

Akirudi, mipira ihesabiwe. Mwongozo unaotumika Marekani kwa miaka 13 na 14 ni mipira isiyozidi 95 kwa siku. Akirusha 21 hadi 35 apumzike siku moja. 36 hadi 50, siku mbili. 51 hadi 65, siku tatu. 66 na kuendelea, siku nne. Mwambie na mwalimu wake asimpange kudaka katika mechi ile ile aliyorusha: mdakaji naye humrudishia mrushaji karibu kila mpira, na mirusho hiyo hakuna anayeihesabu.