Anza na namba ya waraka, mada itafuata

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu Mkataba wa Arusha, ule ambao Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya (leo Umoja wa Ulaya) tarehe 24 Septemba 1969. Nilikuwa nasoma Ulaya, na maktaba ya chuo chetu ilikuwa pia Kituo cha Nyaraka za Ulaya, vituo ambavyo Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Jumuiya hiyo, ilianza kuviweka vyuoni mwaka 1963. Nikaona nimefika penyewe. Wiki tatu nzima nikawa naandika "Arusha" na "Tanzania" kwenye katalogi, nikaambulia vitabu vya watu wengine tu. Nyaraka zenyewe sikuziona.

Mkutubi wa kitengo kile alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: una namba?

Sikuwa nayo. Akanionyesha kwamba Gazeti Rasmi la Jumuiya, linalochapisha sheria zake, lililojaza ukuta mzima, kwenye katalogi ni ingizo moja tu. Kilichomo ndani hakikuorodheshwa kimoja kimoja. Waraka wa Kamisheni unatafutwa kwa herufi, mwaka na namba: COM(85) 310, kwa mfano, ndiyo mpango wa 1985 wa kukamilisha soko la pamoja. Sheria nazo zina namba ya CELEX, yaani namba ya utambulisho ya kila sheria. Chukua 32016R0679, ile ya kulinda taarifa binafsi: 3 ni sheria, 2016 ni mwaka, R ni kanuni, 0679 ni namba yake. Iingize kwenye EUR-Lex, tovuti ya sheria za Umoja wa Ulaya, na unaipata hapo hapo.

Namba utazipata wapi? Kwenye tanbihi za vitabu vile vile nilivyokuwa navisukuma pembeni. Siku hizi kitabu nakifungulia nyuma. Ripoti kuu za kila mwaka za Kamisheni nazo zinasaidia sana, kwa sababu zinakusimulia mazungumzo yalikwenda vipi mwaka ule.

Jambo la pili ni lugha, na hili watafiti wetu wengi linawakwamisha. Uingereza ilijiunga 1973. Kabla ya hapo Gazeti Rasmi lilitoka kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kiholanzi. Toleo maalumu la Kiingereza lililokuja baadaye lilibeba sheria zilizokuwa bado zinatumika. Ukichunguza miaka ya sitini, jifunze Kifaransa cha kusomea. Mimi nilianza kuona matunda nilipoandika "Afrique de l'Est" badala ya jina la nchi yangu.

Kama uko Dodoma au Kisumu na nauli huna, usikate tamaa. Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, kinaendesha Archive of European Integration, hifadhi ya mtandaoni ambayo hailipiwi. Mwaka 2007 chuo hicho kilipewa mkusanyiko wa maktaba ya ofisi ya uwakilishi ya Kamisheni mjini Washington, na sehemu kubwa ya ripoti nilizozihitaji nilizisoma humo, kwenye simu, usiku.

Mafaili ya ndani, yaani barua na rasimu, yako Villa Salviati mjini Firenze, kwenye Hifadhi ya Kihistoria ya Umoja wa Ulaya. Kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo ya Arusha umri wake umeshatimia. Pitia orodha yao mtandaoni, nakili namba za mafaili, uwaandikie kwanza. Tiketi ikate wakishakujibu.