Maswali ya Wasomaji: Kebo ya Alamu Ipi Ifukiwe Ukutani?

SWALI: Najenga nyumba ya vyumba vitatu na tumefika hatua ya kupasua kuta kabla ya plasta. Fundi anataka kutumia kebo ya simu iliyobaki kwenye kazi nyingine. Pale Luthuli Avenue, Nairobi, nimeonyeshwa kebo mbili za alamu zinazofanana kabisa, ila moja ni karibu nusu ya bei ya nyingine. Nichukue ipi?
Msomaji, Kahawa West

JIBU: Ya simu mrudishie fundi. Kila waya ndani yake ni uzi mmoja mgumu. Kisu kikiukwaruza kidogo wakati wa kuuchuna, au ukikunjwa mara mbili tatu kwenye skrubu ya sensa, hukatika ndani ya plastiki na kwa nje huoni kitu. Kebo ya alamu inayofaa huwa na nyuzi 7 za milimita 0.2 katika kila waya, yaani milimita za mraba 0.22, na hivyo hujikunja bila kukatika.

Hizo mbili za dukani huenda zimetofautiana kwa madini. Ya bei ya chini mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Sumaku haitakusaidia hapa, kwa kuwa hainasi shaba wala alumini. Kipimo cha uhakika ni mita ya fundi umeme, ile ya kupima omu. Kwenye roli ya mita 100, funga waya mbili pamoja upande mmoja, kisha pima upinzani upande wa pili. Shaba halisi itasoma omu 16 hivi. Alumini iliyopakwa itakaribia 25. Muuzaji akikukataza kupima, nenda duka la pili. Alumini pia huota kutu nyeupe kwenye skrubu na kulegea, na alamu huanza kulia yenyewe wakati plasta na rangi zimeshakauka.

Idadi ya waya hutegemea kifaa. Sensa ya mwendo huhitaji 6: mbili za umeme, mbili za alamu, mbili za kuonya kifuniko kikifunguliwa. Sumaku ya mlango, yaani sensa inayojua mlango ukifunguliwa, hutosheka na 4, na kibodi ya namba kwa kawaida 4. Hata hivyo, vuta ya waya 6 kila mahali. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kupasua ukuta tena, na waya moja ikikatika unayo akiba.

Kila sensa ipate kebo yake mpaka kwenye paneli, kile kisanduku kikuu cha alamu, bila kiungo ukutani. Pointi nane za wastani wa mita 15 ni mita 120. Ongeza mita moja kwenye paneli na sentimita 30 kwa kila sensa, ununue roli mbili za mita 100. Zipitishe kwenye paipu ya plastiki, usizifukie tupu kwenye saruji. Rezista ya mwisho wa laini (kijipande cha upinzani ambacho paneli hukipima kujua kama waya zimechezewa) ikae ndani ya sensa, kwa thamani iliyoandikwa kwenye kitabu cha paneli. Mafundi wengi huiweka ndani ya paneli kwa sababu ni rahisi. Basi mtu akiziunganisha waya za alamu njiani, paneli itaamini sensa iko salama.

King'ora ndicho huwaponza watu. Sensa hula miliampia 15 hivi, kwa hiyo urefu wa kebo hauisumbui. King'ora cha nje chaweza kula ampia nzima. Kwa mita 20, waya za 0.22 kwenda na kurudi zina omu 3.2, na ampia moja hupoteza volti 3.2. Stima ikipotea na betri ikashuka hadi volti 11, king'ora hubaki na chini ya volti 8, na mlio wake haumfikii hata mlinzi wa getini. Tumia waya ya milimita za mraba 1.0, ambayo hupoteza volti 0.7 tu kwa umbali huo.

SWALI: Alamu yetu hulia usiku tukishawasha fensi ya umeme. Fundi alipitisha waya zote kwenye paipu moja kuokoa kazi. Tubadilishe sensa?
Msomaji, South C

JIBU: Sensa hazina kosa. Fensi hupiga mapigo ya maelfu ya volti, takribani moja kila sekunde, na kila pigo huruka kwenye kebo inayolala kando yake. Toa kebo ya alamu kwenye paipu hiyo. Itenganishe pia na nyaya za stima za volti 240 kwa angalau sentimita 30; zikilazimika kukutana, zivukane kwa pembe ya mraba. Sehemu isiyoepukika tumia kebo yenye kinga ya foili, na kinga hiyo ishikwe kwenye ethi upande wa paneli pekee. Ukiishika pande zote mbili, mkondo hupita ndani yake na kelele huzidi. Fensi ibaki na vyuma vyake vya ethi, mbali na vya nyumba.

SWALI: Kebo ya intaneti yafaa kwa alamu?
Msomaji, Umoja

JIBU: Kwa kibodi na sensa, ndiyo, ikiwa ni shaba tupu. Uzi wake pia ni mmoja mgumu kama ule wa simu, kwa hiyo si chaguo la kwanza; ukiitumia, chuna kwa uangalifu. King'ora usikiguse nayo.